Mkopo wa nyumba: nimalize au niwekeze?

Juzi usiku nilikaa mezani na taarifa ya mkopo wa nyumba, kalamu mkononi. Riba asilimia 12, muda miaka 20. Nimelipa miaka 3 bila kuruka hata mwezi mmoja, na deni la msingi, yaani kiasi nilichokopa bila riba, limepungua kwa chini ya asilimia 5! Nikarudia hesabu. Katika rejesho la kwanza, kati ya kila mia, takriban 91 ziliishia kwenye riba.

Sasa nina akiba kidogo. Shemeji ananihimiza ninunue hatifungani za asilimia 13, yaani niikopeshe serikali au kampuni inilipe riba. Zinavutia, lakini ukitoa kodi ya asilimia 10 kwenye faida, inabaki 11.7. Ninachopunguza kwenye deni kinaniokolea 12 kamili, bila kubahatisha. Hisa huenda zikanipa zaidi, ila najijua: nitachungulia bei hata msibani.

Kinachonikwaza ni kwamba pesa ikishaingia kwenye nyumba haitoki kirahisi. Ukiugua huwezi kuuza mlango. Kwa hiyo nimetenga matumizi ya miezi 6, akiba inayobaki naipeleka kwenye deni. Kesho naenda benki kuuliza kama kuna faini ya kulipa mapema, na nitaomba wapunguze muda, si rejesho.