Jua la Kuokota Asubuhi

Somo la juma: Kutoka 16:14–21

Katika mji wa mvua, siku ya jua haipigi hodi. Juma zima ni mawingu, halafu asubuhi moja anga jeupe, na ikifika alasiri wingu limesharudi mahali pake. Mana, chakula walichopewa Waisraeli jangwani, nayo ilikuwa hivyo: iliokotwa asubuhi, na jua lilipokuwa kali iliyeyuka.

Kwa hiyo mkoba wa pwani haupangwi siku yenyewe. Ukae karibu na mlango kiangazi chote: taulo, kofia pana, nguo kavu, chupa ya maji ya kila mtu, na losheni ya jua ya SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi. Hiyo losheni itazameni tarehe. Mji wa mvua una ugonjwa wake: chupa ya miaka minne iliyopita bado imejaa nusu, na mwenyewe anaiamini. Ikishapitwa na muda, au ikishapikwa na joto ndani ya gari, si ya kutegemewa.

Kule jangwani kila kichwa kilikuwa na kipimo chake, na hapo ndipo tunapoteleza. Mtu aliyekaa miezi bila jua analitaka lote kwa siku moja. Anajilaza mchangani tangu saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, muda ambao jua huunguza zaidi, na usiku shuka haigusiki. Hakuhisi kwa sababu upepo wa bahari ulikuwa ukimpoza ngozi huku mionzi ikiendelea na kazi yake. Wingu jepesi halimkingi sana. Hata mwavuli haumalizi kazi, kwa kuwa mchanga mkavu hurudisha takriban asilimia 15 ya mionzi hiyo, na povu la mawimbi takriban 25. Ngozi nyeusi huchelewa kuungua, lakini huungua.

Kipimo cha losheni kwa mwili mzima wa mtu mzima ni vijiko 7 vya chai. Wengi hupaka viwili wakaona imetosha. Ipakwe dakika 20 kabla ya kutoka, irudiwe kila baada ya saa mbili na kila mtu atokapo majini. Masikio, kisogo na juu ya miguu ndiko kunakosahaulika. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, tafuta kivuli kingine. Yona, mtango wake uliponyauka, alizimia kwa jua la kichwani, naye alikuwa nabii.

Bahari ina mwendo wake. Maji hupata joto polepole kuliko hewa, hivyo mwanzoni mwa kiangazi ufuo una joto na maji bado ni ya baridi. Yakiwa chini ya nyuzi 15, mtu akijirusha ghafla mwili hushtuka na kuvuta pumzi wenyewe. Kama kichwa kiko chini, anavuta maji. Ingia taratibu. Aliyekwisha kutumbukia asihangaike kuogelea: aelee chali mpaka pumzi itulie, kwa kawaida dakika moja au mbili.

Mvua kubwa ikiwa imenyesha, ngojeni siku mbili tatu kabla ya kuoga baharini, hasa karibu na mdomo wa mto au mfereji, kwa maana uchafu wote wa mji umeteremkia huko. Na pale mawimbi yasipovunjika, maji yakaonekana meusi na matulivu kati ya povu huku na huku, msipaone pazuri pa watoto: mara nyingi ni mkondo unaorudi kilindini. Ukikuchukua usishindane nao. Ogelea sambamba na ufuo hadi utoke, ndipo urudi nchi kavu. Watoto wavae rangi ya chungwa, maana bluu hupotea majini.

Je, Jumapili ikiwa ya jua? Ibada ikiisha saa 6 mchana hakuna kilichopotea. Jua la kiangazi huchelewa kuzama, na la baada ya saa 10 ndilo lililo laini kuliko yote.

Jioni kung'uteni mchanga, jazeni chupa, rudisheni mkoba mlangoni. Taulo bichi litoke humo usiku uleule. Likilala ndani, asubuhi litanuka kama ile mana waliyoiweka akiba.