Hukuniaga

Roma, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, usiku

Nimejilaza mara mbili, usingizi umekataa. Masista wenye nyumba hii ya wageni wameshazima taa za ukumbini, na mimi nimerudi mezani. Kuna neno moja linanizunguka tangu Jumatano iliyopita. Alinambia Sahibu, jikoni kwake London, huku ameshika chupa ya chai.

Mnaonisoma tangu zamani mnamjua Sahibu. Ndiye yule rafiki yangu wa utotoni, wa Unguja, niliyewaandikia habari zake mwezi wa Machi, mjukuu wake aliponitafuta akanipata, tukaonana uso kwa uso kwenye simu baada ya miaka 60 na zaidi. Safari hii niliipanga kwa ajili yake. Lisbon kwa binamu yangu, Swindon kwa Wagoa wenzangu, Roma kwa Mwaka wa Jubilei, hayo yote niliyachomeka njiani, kwa sababu kasisi wa umri wangu akiomba ruhusa ya mwezi mzima inampasa aonyeshe na madhabahu mbili tatu.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Alikuja kunipokea stesheni amevaa kofia ya viua, nikamtambua kwa mwendo kabla ya sura. Baada ya Unguja aliishi Maskati, kisha akahamia London, akaendesha mabasi mpaka alipostaafu. Nyumba yake ina harufu ya udi na ya samaki wa kukaanga, na shemeji anapika muhogo wa nazi ambao sijapata kuuonja tangu nilipokuwa mtoto wa Vuga. Tulizungumza mpaka saa nane za usiku. Minara Miwili, ambako nilipewa Komunyo ya kwanza naye akinisubiri nje na gololi mfukoni. Darajani. Mzee wa kahawa aliyekuwa akigonga vikombe. Sahibu alinisifu kwamba Kiswahili changu hakijaondoka, nikamwambia mama alitugombeza kwa Kiswahili mpaka siku anafariki, huko huko Goa, majirani wakisikiliza. Kijijini walikuwa wakituita Afrikar. Mama alilipenda jina hilo kuliko baba.

Jambo moja tu sikulipenda, wala sikumwambia. Alikuwa akiniita Padri. Padri kaa hapa, Padri ongeza mchuzi. Utotoni hakuna aliyenijua kwa jina langu la ubatizo. Niliitwa Cherahani, kwa kazi ya baba, na Sahibu ndiye aliyeanza.

Sasa Jumatano. Tulikuwa tumekaa jikoni baada ya chakula, televisheni iko wazi, likaonyeshwa lile balaa la Lisbon. Gari la reli la Elevador da Glória, lililokuwa likipandisha watu mlimani kutoka uwanja wa Restauradores tangu 1885, lilikuwa limechomokwa na kamba yake likaporomoka na mteremko. Wamekufa watu 16, Mungu awarehemu. Siku nane kabla nilikuwa nimelipanda na binamu yangu.

Simu ikaanza kulia. Dada kutoka Margao, Goa. Paroko wangu. Mpwa wangu wa Toronto. Binamu mwenyewe, analia. Wote walidhani bado niko Ureno. Nilijibu simu sita, nyengine kwa Kikonkani, nyengine kwa Kiingereza, na kila mmoja nilimwambia yale yale: nimeshaondoka huko, niko London, niko salama, msiwe na wasiwasi. Sahibu hajui Kikonkani, lakini maneno ya aina hiyo huhitaji tafsiri gani? Alikaa kimya mpaka nikaiweka simu mezani.

Akasema, "Wote umewaambia."

Nikasema, "Wangekesha, masikini."

"Naam," akasema. Akafungua chupa ya chai, akanimiminia. Kisha, bila ya kuniangalia: "Cherahani, wewe hukuniaga."

Nikamjibu, "Nilikuwa mtoto, Sahibu. Nilikuwa na miaka kumi na moja."

Akasema, "Na mimi nilikuwa na miaka kumi na moja."

Akanisogezea kikombe. "Kunywa, inapoa."

Basi. Shemeji akaingia kuuliza nani anataka mkate wa kumimina, na mazungumzo yakageuka. Hakusema kwa hasira. Nimeisikiliza tena sauti ile ndani ya ndege, ndani ya treni, na mara moja, Mungu anisamehe, katikati ya Misa, na sijaikuta hasira. Aliyasema kama mtu anavyotaja kitu kilichopo tu, kama kusema mlango ule hubana. Na baada ya siku nne za Padri, Padri, jina langu alilitoa hapo.

Nimeyageuza maneno yale kila upande. Ningesema "nisamehe" ingekuwaje? Ningenyamaza? Ningemuuliza, "Ulikuja kutupigia hodi?" Kwa sababu Jumatatu alinambia, kwa kupita tu, kwamba tiara yetu aliimaliza peke yake. Tulikuwa tukiiunda kwa njiti za makuti na karatasi za baba za kukatia vipimo. Sikutilia maanani. Ndiyo kwanza Alhamisi asubuhi, ninanyoa ndevu, nikatambua kwamba karatasi zilikuwa kwetu. Ili aimalize ilimbidi atafute karatasi nyengine. Na ili ajue kwamba ya kwetu haipatikani tena, ilimbidi afike mlangoni akute kufuli.

Niwaeleze ilivyokuwa, maana hili sijapata kuliandika. Mapinduzi yalikuwa Januari 1964, na miezi ile iliyofuata wateja wa baba walikuwa wakipungua mmoja mmoja, suti za watu zimekatwa hazina wa kuzifuata. Mwezi wa Agosti akatukatia tiketi za meli ya Karanja kwenda Bombay. Sisi watoto tuliambiwa usiku, na tukakatazwa kumwambia yeyote. Asubuhi tulitoka mapema, masanduku juu ya gari la mkono, tukashika njia ya Mkunazini kwenda bandarini. Kwao Sahibu, Kiponda, tulipita mlangoni kabisa. Baraza yao ilikuwa tupu, imemwagiwa maji, bado mbichi. Niliposimama, mama akanishika bega akasema, "Twende mwanangu, utamwandikia barua."

Hilo ndilo neno ninaloliogopa. Hukuniaga lina jibu, na jibu langu lilikuwa la kweli: mtoto wa miaka 11 haamui. Lakini barua? Nilijua kwao. Kiponda kila mtu anamjua kila mtu, ningeandika jina la baba yake na jina la mtaa, postamani angefika. Mwaka 1970 nilikuwa na miaka 17. Nilipokuwa seminari ya Rachol nilikuwa na kalamu, na karatasi, na stempu za bure, na niliwaandikia mpaka mabinti wa shangazi nisiowajua vizuri. Mwaka 1980 nilipopata upadirisho niliandika bahasha za mialiko zaidi ya mia mbili kwa mkono wangu. Sahibu alikuwa wapi katika bahasha hizo?

Miaka 45 nimekaa katika kiti cha kitubio, nikisikia watu wakitaja kosa dogo upesi upesi ili lile kubwa lipite chini yake. Ninawatambua kwa pumzi. Na Jumatano ile nilipumua vile vile.

Alhamisi ilikuwa usiku wa Maulidi, mwezi wa Mfunguo Sita, na sebule ya Sahibu ilijaa Waunguja wa London, wazee kwa vijana, mikeka imetandikwa, udi unafuka, marashi yanarushwa. Nilikaa pembeni na kola yangu. Waliposimama kiyamu nami nikasimama. Mzee mmoja kutoka Pemba akamuuliza Sahibu mimi ni nani, akajibiwa, "Huyu wa kwetu, wa Vuga," na yule mzee akanipa sahani ya halua bila ya kuuliza la pili. Ilikuwa saa ya furaha kubwa. Niliazimia nitazungumza naye wageni wakiondoka. Waliondoka saa saba, yeye amechoka, mgongo unamuuma, na mimi nikasema moyoni, kesho.

Na kesho yake ndiyo hii inayonikosesha usingizi.

Ndege yangu ilikuwa ya mapema. Teksi ilifika saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Niliteremka ngazi na begi langu, taa ya sebuleni inawaka, na mlango uko nusu wazi. Sahibu alikuwa juu ya mswala, ameelekea dirishani, anasali alfajiri. Shemeji alikuwa amesimama ukumbini na mtandio wake, akaninong'oneza, "Msubiri kidogo, shemeji, anatoa salamu sasa hivi."

Dereva akapiga honi.

Nikamnong'oneza shemeji, "Nisimkatize sala yake. Mwambie nimekwenda, nitampigia." Viatu nilivishika mkononi nisipige kelele, nikavivaa nje kwenye ngazi, na mlango niliuvuta polepole.

Niliyaona yote hayo kuwa adabu. Kweli niliyaona hivyo. Mtu anasali, wewe ni mtu wa sala, unampisha. Tulipofika barabara kuu ndipo neno lilipokuja, kwa sauti yake, na jina langu la zamani mbele yake. Nikamwambia dereva, "Tunaweza kurudi?" Akanitazama kwenye kioo, akaniuliza ndege saa ngapi, nikamwambia, akatikisa kichwa. Dakika mbili, tatu? Ndizo alizoniomba shemeji.

Nilimpigia Ijumaa mchana nilipofika hapa. Tulizungumza habari za joto la Roma.

Jumapili nilikuwa uwanjani Mtakatifu Petro, Papa Leo XIV alipowatangaza Carlo Acutis na Pier Giorgio Frassati kuwa watakatifu, na jana, sikukuu ya Kuzaliwa Bikira Maria, nimepita Mlango Mtakatifu, nimewaombea nyote kwa majina. Nitawaandikia siku nyengine. Mguu uko kizingitini pa Mlango ule, nami nilikuwa najiuliza kama Ijumaa ile alitoa salamu akageuka, akatazama ukumbini.

Nilikuwa nimefika hapa, natafuta namna ya kufunga niende kulala, simu ikatetemeka juu ya meza. Ujumbe wa sauti, sekunde 14. Ninauandika kama ulivyo:

"Cherahani. Sweta lako la kijivu umeliacha hapa, juu ya kiti changu. Shemeji yako kalifua. Kwa posta silitumi, usiniombe. Utalifuata mwenyewe."

Nyuma yake anasikika mjukuu anauliza yuko wapi chaja.

Nimeusikiliza mara sita. Cherahani! Na sweta lenyewe wala sikulikumbuka, nimezunguka nalo Lisbon na Swindon nikilibeba bure, na Roma joto hili halina kazi. Sasa liko Londoni kitini pake, limefuliwa. Nimesimama dirishani, nimecheka peke yangu kwa sauti mpaka nikaogopa kuwaamsha masista. Ruhusa nyengine nitaiombaje kwa askofu, na nauli nitaitoa wapi, hayo sijui, lakini mwakani kabla ya mvua nitaomba. Miaka 72 si mingi kama mtu ana mahali pa kwenda.

Nimeanza kumjibu kwa sauti, nikafuta. Nimeanza tena, nikafuta. Mwisho nimemwandikia: "Nitalifuata, inshallah. Nipe anwani yako kamili ya posta."

Akajibu pale pale: "Ya nini? Si nimekwambia silitumi."

Nikamwandikia, "Nipe tu."

Ameituma, na namba ya posta, na jina lake lote na la babake, kama tulivyokuwa tukiandika juu ya madaftari ya skuli. Masista wana karatasi nzuri nzito kwenye droo ya meza hii. Kesho asubuhi nitauliza bei ya stempu.

Dada hajapokea simu tangu alasiri. Alitolewa mtoto wa jicho siku kumi zilizopita, jicho la kulia, na ana dawa ya matone ya kutiwa mara nne kwa siku. Mkono wake unatetemeka, matone yanaishia shavuni, na binti anayemsaidia ameomba siku mbili kwenda kwao. Jana alinambia jicho linamuwasha kidogo, kisha akabadilisha mazungumzo. Kule Margao sasa ni saa saba na nusu za usiku. Nimempigia jirani, nikamwamsha, nikamwomba radhi. Amechungulia dirishani kwake, anasema taa ya varanda inawaka. Dada hulala na taa zote zimezimwa, tangu tukiwa watoto. Nimemwomba avuke akamgongee. Nasubiri.