Kabla bikoni hazijawekwa: ukuta, njia na mradi wa viwanja

Mtaa ukishasikia kampuni ya upimaji inakuja, au mashamba ya nyuma yanakatwa viwanja, kila mtu anakimbilia kujenga ukuta wa ubavuni. Kumbe ugomvi mkubwa huwa wa mbele: barabara itapita wapi, na itamega kwa nani. Kwenye maeneo ya Dar es Salaam kama Goba, Madale au Chanika, ambako shamba moja limeuzwa vipande vipande kwa miaka, swali hilo huamuliwa kwenye mchoro wa mipangomiji, ule ambao wengi wanauita TP. Bikoni, yaani alama za mpaka zinazowekwa na mpimaji kwenye kona za kiwanja, huja baadaye kufuata mchoro. Anayesubiri kuona bikoni ndipo alalamike amechelewa hatua mbili.

Anza na mkataba wako wa mauziano. Mingi ya zamani imeandikwa "hatua 20 kwa 20", mashahidi wanne na mhuri wa serikali ya mtaa. Hatua za nani? Mrefu anayejinyoosha hadi mita moja anapata mita za mraba 400. Mwenye hatua ya sentimita 80 anapata 16 kwa 16, yaani 256. Hapo wauzaji na wanunuzi wote waweza kuwa wakweli na bado vipande visienee kwenye shamba. Ndiyo maana majina ya majirani na alama za kudumu (mwembe, nguzo, mfereji) yana uzito kuliko namba za hatua.

Chukua futi kamba ya mita 50 upime pande zote nne, halafu upime ulalo, kona kwa kona, mara mbili. Kiwanja cha 20 kwa 20 chenye kona sawasawa kina ulalo wa mita 28.28 pande zote. Ukipata 32.8 huku na 22.9 kule, kiwanja kimelala upande: pande zake bado ni 20, lakini eneo limeshuka hadi mita za mraba 376 hivi. Jirani hajakuibia kitu. Kipande kilikatwa hivyo tangu mwanzo.

Sasa njia. Tuseme kuna kichochoro cha mita 2 na mchoro unataka barabara ya mita 6. Zinahitajika mita 4. Haki ni kushika katikati ya kichochoro na kumega mita 2 kila upande. Lakini upande mmoja una ukuta na geti la chuma, upande wa pili una michongoma tu, na mchoraji anayekwepa kubomoa anasukuma mita zote 4 kwenye michongoma. Kwa kiwanja chenye mita 20 mbele, hiyo ni mita za mraba 80 kati ya 400, sehemu ya tano ya kiwanja. Mwenye ukuta hapotezi hata sentimita, na mara nyingine ukuta wenyewe ulishakula njia. Kwa maoni yangu hapa ndipo urasimishaji mwingi, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango, unapoharibikia, kwa sababu aliyetangulia kujenga anazawadiwa. Mchoro ukiletwa ofisi ya mtaa, usiangalie kiwanja chako peke yake. Tafuta mstari wa katikati ya barabara, pima kutoka hapo kwenda kwako na kwenda kwa jirani wa ng'ambo, na kama vipimo havilingani andika pingamizi siku hiyo hiyo. Peleka nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo kwenye kikao hayaonekani popote muhtasari ukiandikwa kwamba "wananchi waliridhia".

Mradi wa viwanja una mtego wake. Mnunuzi anapelekwa kwa gari, anaona njia pana hadi kwenye eneo, anaamini. Njia ile yaweza kuwa imekatiza shamba la mtu ambaye hakuuza, aliruhusu tu watu wapite. Siku akifariki, warithi wanaweka fensi. Kabla ya kulipa, omba makubaliano ya njia kwa maandishi: upana kwa mita, inaanzia wapi na kuishia wapi, saini ya mwenye shamba na ridhaa ya mwenza wake. Ardhi ikiwa na hati, haki hiyo ya njia isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Bila hivyo, atakayelinunua shamba kesho ana nafasi ya kusema hakujua. Jibu la "tutachonga barabara mkishalipa" lichukulie kuwa hakuna barabara.

Eneo likigusa barabara kuu, ulizia hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa pembeni usioruhusiwa kujengwa, kwa TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu. Za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati, ikapanuliwa hadi 30. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kiluvya ni kisa cha peke yake: mita 121.5 kila upande, na bomoabomoa ya 2017 iliwakuta watu wenye nyumba nzuri kabisa.

Simu nayo imezua kesi zake. Mtu anachukua namba za kona (koordinati) kutoka ramani ya upimaji, anaziingiza kwenye programu ya ramani, anaona kiwanja chake kiko mtaa wa pili, anaanza kelele. Ramani nyingi za kwetu zimepimwa kwa mfumo wa koordinati wa Arc 1960, simu inatumia mfumo mwingine, WGS 84, na tofauti ya hiyo mifumo miwili ni karibu mita 300. Hata ukibadilisha mfumo, simu yenyewe inayumba mita kadhaa, kwa hiyo haifai kuamua ukuta wa nusu mita. Mwite mpimaji aliyesajiliwa arudishie bikoni, majirani na mwenyekiti wa mtaa wakiwepo. Usiing'oe hata ukiamini imewekwa kimakosa. Kung'oa bikoni ni kosa la jinai na kunakugeuza mshtakiwa kwenye kesi uliyokuwa unashinda.

Na ukijenga ukuta, kumbuka msingi. Tofali la inchi 6 juu ya msingi wa sentimita 60 lina sentimita 22 hivi za zege kila upande. Ukipanga tofali sawa na mstari wa mpaka, msingi uko kwa jirani.

Ikishindikana kupatana, mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kuamua nani mmiliki. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata nalo linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa cheti, na kwa cheti hicho, au siku 30 zikipita bila usuluhishi, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko maombi mengi hufa kwa maelezo hafifu ya eneo. "Kiwanja kilichopo Goba" hakitoshi. Andika mtaa, kata, vipimo, majirani wa pande nne, na namba ya kitalu na kiwanja kama kimepimwa. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12, na jirani aliyejenga juu ya njia tangu zamani anaijua hesabu hiyo vizuri.

Ukitaka kuishtaki halmashauri kwa mchoro wenyewe, njia ni nyingine: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri liende Mahakama Kuu. Greda halisubiri siku 90, kwa hiyo wakili akuombee zuio la kipindi hicho, lile wanaloliita Mareva. Ambatisha ile nakala ya pingamizi yenye mhuri.