Usiku wa Kukisubiri Kimbunga Kenneth

Usiku wa tarehe 24 Aprili 2019 haujanitoka moyoni, kwani tulikesha Mtwara tukifuatilia Kimbunga Kenneth kilipokuwa kikipita kaskazini ya Ngazidja, kisiwa cha Komoro. Kaka yangu alichora njia yake kwa penseli kwenye ramani ya zamani ya shule, na kila redio ilipotoa taarifa mpya aliufuta mstari na kuuchora tena, mara ukigusa Mikindani, mara ukishuka kusini ya mto Ruvuma. Mimi niliamini kingetupiga sisi. Jioni ya tarehe 25 kiliingia nchi kavu Cabo Delgado, Msumbiji, kwa upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa, wiki sita tu baada ya Kimbunga Idai kuubomoa mji wa Beira nchini humo. Mama, mwenye ndugu ng'ambo ya mto, aliendelea kupiga simu zisizopokelewa.