Umeme ukirudi, programu haijaamka

Kwa miezi miwili, kila umeme ukikatika Ngamiani, Tanga, simu yangu ililia. Ni dada wa kaunta kwenye duka la dawa ninalolitunzia kompyuta: "Kaka, umeme umerudi lakini programu ya stoo haijaamka." Nikifika naandika amri ya kuiwasha kwa mkono, `systemctl start stoo`, inawaka palepale. Wakati huo wateja wako foleni wakiandikiwa risiti kwa mkono, wengine wamebeba watoto wenye homa. Iliniuma sana.

Mmoja alinishauri nipige upya Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta hiyo. Nilikataa katakata. Programu inayowaka kwa mkono ni nzima, shida iko kwenye foleni ya kuamka.

Wa pili, fundi ninayemheshimu, akasema kwenye faili la huduma ya programu weka `Restart=always`, yaani ikianguka iwashwe tena, itajaribu mpaka ikubali. Nikaweka, nikaenda kulala kwa raha. Usiku umeme ukakatika, na asubuhi simu ikalia. Nikafungua kumbukumbu za mashine, `journalctl -b -u stoo`: imeanguka mara tano ndani ya sekunde tatu, halafu mstari huu, `Start request repeated too quickly`, yaani imeombwa kuanza mara nyingi kwa haraka mno. Hapo nikaelewa. Usipoipangia muda, systemd, msimamizi anayewasha programu kompyuta ikiamka, hupumzika sehemu moja ya kumi ya sekunde tu kabla ya kujaribu tena, na majaribio matano yakiisha ndani ya sekunde 10, inaachana nayo. Yaani ilikuwa imekata tamaa kabla mlinzi hajawasha taa ya nje.

Nikaifuta, nikaweka `sleep 30`, yaani subiri sekunde 30, kabla ya programu kuanza. Nikizima na kuwasha kistaarabu, inakubali. Umeme ulipokatika wenyewe, ikagoma, kwa sababu diski iliyozimika ghafla hukaguliwa kwanza, na ukaguzi haufuati saa yangu. Nikaitoa nayo. Msikubali kubahatisha sekunde.

Kilichonisaidia ni `journalctl -b -o short-monotonic`, inayoonyesha sekunde tangu mashine iwake. Programu imeanguka sekunde ya 11. Diski ya nje yenye data yake imepachikwa sekunde ya 38! Kwenye `/etc/fstab`, faili la orodha ya diski za kupachika, nilikuwa nimeiandikia `nofail`, ili siku ikichomoka kompyuta isigome kuwaka. Lakini ukiandika hivyo, wengine hawaisubiri tena.

`nofail` nimeiacha, ina kazi yake. Kwenye faili la huduma ya programu, chini ya `[Unit]`, nikaongeza mstari mmoja unaotaja folda diski inapopachikwa:

`RequiresMountsFor=/mnt/stoo`

Sasa programu haianzi mpaka diski iwe mahali pake, na diski isipokuwepo haitaandika mauzo kwenye folda tupu, jambo nililokuwa naliogopa kuliko yote. Usisahau `systemctl daemon-reload`, ili systemd isome mabadiliko.

Nikashusha swichi kuu mara tatu mbele ya yule dada. Mara ya tatu hakunisubiri. Kabla sijakusanya nyaya zangu alishauza dawa ya kikohozi na risiti imetoka.