Hakuna Aliyeufuata Msafara

Somo la juma: Mwanzo 37:12-36

Bwana asifiwe, wapendwa. Juma hili nimekaa na Reubeni, kaka mkubwa wa Yusufu. Tangu utotoni mahubiri niliyoyasikia kuhusu sura hii yalikuwa ya Yusufu, ndoto zake, kanzu yake na wivu wa nduguze. Reubeni hupewa sifa kidogo, kwamba yeye ndiye aliyekataa damu isimwagike, kisha mhubiri anashika njia ya Misri. Safari hii nilisoma polepole, na mstari wa 22 ukanikamata. Kumtupa shimoni akiwa hai lilikuwa wazo la Reubeni. Wenzake walitaka kumuua kijana, naye akawaambia wamtupe shimoni, huku moyoni amekusudia kurudi baadaye amtoe, ampeleke kwa baba yao. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Halafu akaondoka. Maandiko hayasemi alikwenda wapi. Aliporudi, hakumkuta mtoto, nduguze wamekwisha kumuuza kwa msafara wa Waishmaeli waendao Misri.

Nina sababu ya kukwama hapo.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katibu wa kanisa letu hapa Kisauni, Mombasa, binti mmoja wa kwaya alinifuata baada ya ibada akaomba barua ya utambulisho. Amepata kazi ya nyumbani Saudia, akasema, na ajenti anataka barua ya kanisa pamoja na cheti cha polisi cha tabia njema. Watu wa kamati ya harambee walikuwa wananisubiri. Nikaandika mistari minne, nikapiga muhuri, nikamwambia, "Mungu akutangulie, mwanangu." Sikumuuliza huyo ajenti ni nani. Sikuuliza mkataba umeandikwa kwa lugha gani, wala kama mamake ameuona. Dakika kumi hazikutimia.

Siku aliyofika kule alinyang'anywa pasipoti. Kazi aliyoambiwa ni ya nyumba moja ikawa ya nyumba tatu, ya mwajiri wake na za dada zake wawili. Mshahara wa miezi ya mwanzo akaambiwa unalipa tiketi. Simu alipewa mara moja kwa mwezi, mwenye nyumba amesimama kando anasikiliza. Mamake alipokuja kwangu alikuwa ameikunja mkononi nakala ya ile barua yangu, maana ndiyo karatasi pekee iliyobaki nyumbani yenye jina la bintiye na neno Saudia. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Katibu, huyu ajenti nyinyi mnamjua?"

Kwa hiyo ninaposoma Reubeni anararua nguo zake kando ya shimo, namwelewa. Ninachokitazama sasa ni alichokifanya baada ya kuzirarua. Msafara wa Waishmaeli ulikuwa na ngamia waliobeba manukato, zeri na manemane. Ngamia mwenye mzigo haendi mbio, na kutoka Dothani hadi Misri ni mwendo wa siku nyingi. Wale ndugu walikuwa wachungaji, watu waliozoea kutembea. Fedha yenyewe, vipande 20, walikuwa nayo mkononi. Yusufu alikuwa na miaka 17, na Walawi 27:5 inataja kiasi hichohicho, shekeli 20, kwa mwanamume wa umri wa miaka 5 hadi 20. Hatusomi kwamba ilikuwa mali isiyorudishika. Wangeweza kuufuata msafara na kusema, chukueni fedha yenu, tupeni ndugu yetu. Hakuna aliyeufuata. Wakachinja mbuzi, wakaichovya kanzu katika damu, na Reubeni akakaa na siri hiyo zaidi ya miaka 20. Siku anapozungumza tena juu yake, katika 42:22, anawaambia wenzake, je, sikuwaambia? Na kweli aliwaambia.

Yule mama nilimpeleka kwa watu ambao wakati huo niliwajua kwa mbali tu. Ni muungano wa mtaa wa kupinga usafirishaji haramu wa binadamu, na mkisikia jina hilo msidhani kuna ofisi. Wanakutana Alhamisi baada ya Maghrib katika darasa la chekechea, watu wazima wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kifuani. Anayewaongoza ni mama anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi. Yupo mwalimu mstaafu, yupo ustadh wa madrasa ya jirani, yupo mwenyekiti wa bodaboda wa steji yetu, na mzee wa nyumba kumi. Hakuna anayelipwa. Vocha wanachangishana.

Usiku ule hawakuanza kwa kulia wala kwa kulaani. Mama wa mahamri alimkalisha mwenzake, akampa chai, akaanza kumuuliza. Namba iliyompigia binti mara ya kwanza ilikuwa ipi? Ndege iliondoka tarehe ngapi? Ni nani aliyemjulisha kwa ajenti? Hapo mama akanyamaza, kisha akasema ni shangazi yake binti, ndugu wa damu wa baba. Mwalimu aliandika yote katika daftari la hesabu, bila kuinua kichwa. Baadaye aliniambia kwamba hapo ndipo wengi hunyamaza na kesi ikafia hapo, kwa kuwa aliyemtoa mtoto hula nao Krismasi au Idi meza moja. Yusufu naye, kabla msafara haujaonekana, nduguze walikuwa wameketi wanakula chakula. Mstari wa 25.

Kilichofuata kilichukua miezi saba. Walikwenda idara ya kazi kuuliza kama wakala huyo ameandikishwa. Walikwenda kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kwenye kitengo kinachoshughulikia usafirishaji wa binadamu na ulinzi wa watoto. Waliandika kwa ubalozi wetu Riyadh, wakaandika tena, na tena. Ustadh alimtafuta mwanafunzi wake wa zamani anayefanya kazi katika mji uleule, akaithibitisha nyumba. Kila Jumatatu asubuhi mwalimu alikuwa anapiga simu, kila mara akianza kwa kutaja jina la binti lote, majina matatu, ili anayepokea asimgeuze kuwa namba ya faili. Siku aliyotua uwanja wa ndege wa Moi, amekonda, hana hata begi, mama wa mahamri alikuwa pale na leso mbili mpya. Moja ya kumfunika, moja ya kumfuta machozi mamake.

Tuna sheria, tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Ni ya mwaka 2010, na inasema anayemsafirisha mtu kwa kumtumikisha anaweza kufungwa miaka isiyopungua 30, au kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Inasema pia kwamba aliyedanganywa akakubali, kukubali kwake hakumwokoi aliyemdanganya. Maneno haya nayapenda sana, kwa sababu nimechoka kusikia ndani ya kanisa kwamba hawa mabinti ni tamaa yao. (Wala sisemi mtu asiende Saudia. Wako waliokwenda kwa njia iliyo wazi wakajenga, wakasomesha, nao ni washirika wetu.)

Lakini pwani yetu inajua sheria inavyoweza kutangulia na watu wakabaki nyuma. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Utumwa wenyewe huku pwani haukufutwa kisheria mpaka 1907. Ni miaka 34 hiyo. Katikati yake, mwaka 1875, Frere Town, makazi hapa Mombasa, ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS kwa ajili ya walioachwa huru, na wazee husimulia kwamba kengele yake ilipigwa kuwaonya watu wakionekana wanaokuja kuwateka tena. Sisi tunapita pale kila siku tukimwambia makanga, "Kengeleni, shukisha." Kila nikishuka sasa nawaza juu ya yule aliyekaa macho usiku akiutazama mlango wa bahari, kamba ya kengele iko mkononi. Jina lake halikuandikwa popote ninapopajua. Sista Lea Ackermann naye, alipoanzisha shirika la Solwodi hapa Mombasa mwaka 1985, alianza kwa kukaa karibu na wanawake ambao umaskini uliwasukuma kwenye ukahaba wa watalii, wakati wengi wetu tulikuwa tunavuka barabara.

Kanisani kwetu barua bado tunatoa. Sasa hatuzitoi baada ya ibada. Anayeiomba anakuja Alhamisi, anakaa kwenye kiti cha chekechea, mkataba wake unasomwa kwa sauti, na nakala zinabaki kwa mwalimu. Anayeuliza maswali ni yule binti wa kwaya. Ameomba kazi hiyo yeye mwenyewe.

Wapendwa, juma hili mwombeeni mama wa mahamri, ametishwa mara mbili kwa simu na bado anaamka saa kumi kukanda unga. Ukimwona mtoto anayetumikishwa au asiyejulikana ametoka wapi, namba 116 haina malipo, mchana na usiku. Na ombeni kwa ajili ya kijana aliyekuja Alhamisi iliyopita na ujumbe wa kazi ya kompyuta Thailand, tiketi imeshalipwa, hajui na nani. Binti alimuuliza maswali manne tu, kijana akanyanyuka akasema atarudi na karatasi. Hajarudi. Mwalimu amempigia mara mbili, simu inaita tu. Jumatatu atapiga tena, na mwenyekiti wa bodaboda ameshauliza kwao ni nyumba gani.