Mpe Mwalimu Kiti

Tangu Jumamosi ninarudia moyoni maneno ambayo Mzee wa gereji pale Unga Limited, hapa Arusha, alimwambia kijana wake mbele yangu, na kila ninapoyarudia nayasikia kwa sauti tofauti. Nilikuwa nimefika na lile boksi ambalo wasomaji wangu wa siku nyingi mnalifahamu, lile lililokaa chini ya kitanda hadi mke wangu akaacha kuliulizia: turbo ndogo iliyotumika kutoka Japani, ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi, manifodi yake ya kupitisha moshi, mabomba ya hewa, intakula ya kuipoza hewa hiyo, na injekta nne za kunyunyizia mafuta, kubwa kuliko zile zilizokuja na gari letu, Toyota IST. Nilimwamkia, akaitika. Akaifungua karatasi ya turbo, akazungusha feni yake kwa kidole kimoja, akautikisa mhimili kusikiliza kama beringi zinacheza, kisha akairudisha ndani ya karatasi yake bila kusema kama ni nzima au mbovu.

"Injini umeipima?" akauliza.

"Haina tatizo, Mzee. Haitoi moshi, haipunguzi oili, na servisi sijawahi kuichelewesha."

"Sijauliza servisi, mwalimu. Nimeuliza kama umeipima."

Nilipokaa kimya, akamgeukia kijana wake: "Mpe mwalimu kiti. Bado hajaanza."

Kijana huyo nilimfundisha Fizikia kidato cha pili. Alileta stuli, akaifuta kwa kitambaa chenye grisi, akageuza kitambaa upande uliokuwa safi kidogo akaifuta tena, na wakati wote huo hakuniangalia usoni.

Wiki hii nimeteuliwa kuwa mwalimu wa taaluma, kidato cha nne wamemaliza mtihani wa majaribio, na kaka yangu amehamia Dodoma na familia yake yote, lakini ninapozima taa usiku ninachosikia ni "bado hajaanza". Mtu amekusanya kipuri kimoja kimoja kwa mshahara wa ualimu, amesoma hadi usiku wa manane, halafu anaambiwa hajaanza, tena mbele ya mwanafunzi wake. Nimekwisha kumtungia Mzee majibu mengi kichwani, mengine ya heshima na mengine ambayo singethubutu kuyatamka mbele ya mtu mwenye mvi zake.

Maana sababu zangu zilikuwa za kweli. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama kilopascal 86 badala ya 101 za pwani. Gari linaloishi Arusha linavuta hewa pungufu kwa karibu asilimia 15 kila pistoni inaposhuka, na mnaokumbuka safari yetu ya Karatu mnajua jinsi IST ilivyohangaika kwenye mlima unaoanza baada ya Mto wa Mbu, tukiwa watu watano na mizigo. Turbo ilipata heshima kwa sababu ya tatizo hilihili. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi juu ya mlima Pikes Peak huko Marekani, penye hewa nyembamba ya zaidi ya mita 4,000, ili kuonyesha kwamba moshi unaotupwa nje unaweza kuzungusha feni na kuirudishia injini hewa iliyopungukiwa. Habari hiyo huwasimulia wanafunzi kila mwaka, na sijawahi kuichoka.

Hayo yote ningeweza kumweleza Mzee. Jambo ambalo limenichukua siku kadhaa kulikubali ni kwamba yeye hakuwa na ubishi nayo. Amefunga turbo kwenye injini nyingi za 1HZ, zile dizeli za lita 4.2 zinazobeba watalii katika Land Cruiser, na anajua nguvu inatoka wapi. Alichokuwa akikitazama ni kwamba dizeli hubana hewa tupu, ilhali petroli hubana hewa ambayo tayari ina mafuta ndani yake. Ukiisukumia hewa zaidi, joto linapanda, na mchanganyiko unaweza kujilipukia wenyewe badala ya kuusubiri moto wa plagi. Hapo ndipo injini inapogonga, na ikigonga sana hutoboa pistoni. Injini ya 1NZ-FE ya IST yetu ina uwiano wa mgandamizo wa 10.5 kwa 1, yaani pistoni inapopanda nafasi ya hewa hupungua mara 10.5. Toyota wenyewe walipotengeneza Starlet ya turbo waliipa injini yake ya lita 1.3, 4E-FTE, uwiano wa 8.2 kwa 1, ikatoa nguvu za farasi 135 bila kujiumiza. Anayefunga turbo kwenye 10.5 kwa 1 anabaki na nafasi ndogo sana ya makosa, na silinda moja iliyochoka inaimaliza nafasi hiyo yote.

Jumanne baada ya vipindi nilirudi kupima kompresheni, yaani kanieneo ambayo kila silinda inaweza kuijenga inapobana hewa. Mzee aliniacha nifanye mwenyewe: injini ikiwa ya moto, tukachomoa koili na plagi zote nne, tukazima injekta, kijana akakanyaga pedeli ya mafuta hadi mwisho na kupiga stata, nami nikashikilia geji kwenye kila tundu. Silinda ya kwanza ilisoma paundi 176 kwa inchi ya mraba, ya pili 174, ya nne 175. Kwa mwinuko wetu hizo ni namba za injini nzima, kwa kuwa kiwango cha Toyota cha 213 kilipimwa kwenye hewa nzito kuliko yetu. Silinda ya tatu ilisoma 152, na tofauti inayoruhusiwa kati ya silinda na silinda ni 14 tu. Mzee akaniambia nimimine kijiko cha oili kwenye tundu la plagi kisha nirudie. Sindano ikapanda hadi 170. Oili ilikuwa imeziba pale ambapo ringi za pistoni hazizibi tena. Kama zingekuwa valvu, sindano isingesogea hivyo.

Sijui niielezeje furaha niliyoipata pale, huku nikitazama namba ya ubovu. Gari ambalo nimeliendesha miaka yote hii lilikuwa limenieleza jambo ambalo moshi wala sauti havikuwahi kulieleza. Ringi hizo, zikisukumwa na turbo, zingepitisha gesi hadi chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, gesi ingeizuia oili ya turbo kurudi, na mvuke wa oili ungeingia kwenye hewa inayovutwa na kuifanya injini igonge upesi zaidi.

Wakati tunakunywa chai nilimuuliza Mzee kwa nini Jumamosi alisema vile. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilisema hivyo?" Kisha akafikiri kidogo. "Wote wanaokuja na boksi huwaambia wakae kwanza." Nilikuwa nimelibeba siku zote hizo neno ambalo mwenyewe hakulikumbuka, na sikujua kama nishukuru au nisikitike. Aliendelea kupanga kazi: hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ifunguliwe, ringi mpya kwa silinda zote na si moja, gasketi mpya, halafu turbo ianze kusukuma hewa kwa bar 0.4 tu, na isiongezwe hata kidogo mpaka kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, ipangwe upya na mtu anayesoma mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa kipimo. Fedha ya kontrol boksi itasubiri. Ringi ninaweza kuzilipia mwezi huu.

Dada amepiga simu jioni hii kutoka Machame. Mama ameuza ng'ombe wake wa maziwa bila kumwambia mtu yeyote, na akiulizwa fedha ni za nini anaanza kuulizia wajukuu. Mama yangu hauzi ng'ombe bila sababu. Kesho nitaomba ruhusa ya nusu siku na kupanda Coaster ya Moshi, kwa kuwa IST iko gereji na hedi yake iko mezani.